Nyusi za Taratibu

Kinyozi hajinyoi. Kwa wengine huo ni msemo, kwangu ni ratiba ya kazi. Kila Jumamosi jioni, tukishafagia nywele za watu, mimi humnyoa Taratibu, kisha Taratibu huninyoa mimi. Ndivyo tulivyozoea, hata wiki ambazo hatusemezani.

Taratibu si jina lake. Wateja ndio waliombatiza, kwa sababu mikono yake haina haraka na mdomo wake vilevile. Mimi wananiita Redio. Sababu sitaieleza, mmeshaanza kuisikia.

Saluni ni ya shangazi yangu, dada yake baba. Ina viti vitatu. Cha kwanza kiko mlangoni, kinapata mwanga wote, kioo chake hakina ufa, na ukikanyaga pedeli kinapanda kimya kama mheshimiwa. Cha kati ni cha Taratibu. Cha kwangu ni cha tatu, kule karibu na sinki. Ukikanyaga pedeli yake kinalia kama paka, na mteja akiinua kichwa anatazamana na kalenda ya mwaka juzi. Basi mzee wa kiti cha kwanza alipostaafu, nikajua Mungu amenikumbuka. Mimi ni damu ya mwenye saluni. Nilianza kazi miaka miwili kabla ya huyo Taratibu kuja na begi lake moja. Nani mwingine?

Tatizo ni wateja. Benchi limejaa, kiti changu kitupu, nakipiga kwa taulo na kutabasamu mpaka mashavu yananiuma. "Karibu, kaka, karibu!" Na kaka anasema, "Ngoja tu, namsubiri Taratibu." Anamsubiri! Mimi nimesimama pale na mashine mkononi, inanguruma, kana kwamba mimi ni pazia.

Wivu ni kama zile nywele fupi zinazoingia kwenye kola. Mtu hazioni, lakini siku nzima unajikuna.

Nilichukia hata alivyokunja kitambaa. Alipoanza kukimbia asubuhi kujiandaa na marathoni ya vilima, na mimi nikaanza. Siyo kwamba napenda kukimbia. Nilisikia mteja mmoja akimwambia, "Aisee, umekuwa na kifua!" Nikaona na mimi nina kifua, kimekosa tu kutangazwa.

Hiyo marathoni ni ndogo, msidhani ni ile ya kwenye televisheni. Wakimbiaji sitini na mmoja, vilima vitano, kilomita arobaini na mbili zenye ng'ombe njiani na meza za maji zinazosimamiwa na shangazi za watu. Shangazi yangu alipewa meza ya mwisho, kilomita ya thelathini na nane. Wiki ya mbio akatuita wote wawili kando ya sinki.

"Mmenichosha," akasema. "Mmoja ananung'unikia kiti kwa mdomo, mwingine ananung'unika kwa kunyamaza. Si mnajifanya wakimbiaji? Jumapili mkimbie. Atakayetangulia kufika uwanjani, kiti cha mlangoni ni chake. Na nisije kusikia sijui mguu, sijui tumbo."

"Sawa, shangazi," nikasema.

"Sawa, mama," akasema Taratibu. Mama! Mimi niliyezaliwa kwenye ukoo wake nasema shangazi, yeye aliyekuja na begi anasema mama. Na shangazi akatabasamu.

Jumamosi jioni nikamketisha, nikamfunga kitambaa shingoni.

"Punguza kidogo tu, ndugu yangu," akasema.

Nikapunguza. Kazi safi, sisemi uongo. Halafu nikamtazama kwenye kioo, uso umetulia, macho ameyafumba, na nikakumbuka alichonifundisha yule mzee wa kiti cha kwanza siku zangu za mwanzo. Alikuwa akisema, kijana, nyusi siyo mapambo. Nyusi ni mfereji wa paa. Ukiung'oa, mvua inaingia sebuleni.

"Kesho kuna kupigwa picha," nikamwambia. "Ngoja nikuweke nyusi sawa."

"Kwani zina nini?"

"Zimekaa kama brashi ya viatu."

Akacheka, hakufumbua macho. "Wewe ndiye fundi."

Nikachukua wembe. Wengine wakifanya mabaya husema shetani aliwapitia. Wangu hakunipitia, mimi nilimfungulia mlango na kumvutia kiti. Nilipomaliza, nyusi za Taratibu zilikuwa mistari miwili ya penseli, tena penseli iliyochongwa. Akajitazama, akazigusa kwa kidole, akasema, "Mh." Basi.

Zamu yangu ilipofika, akaninyoa vizuri kuliko nilivyostahili. Akiwa nyuma ya sikio langu akasema, "Redio, unajua kinachonipeleka kwenye hizi mbio? Kiti nakitaka, sikatai. Lakini wanasema ukifika juu ya kilima cha nne unaliona ziwa lote. Tangu nihamie hapa nalisikia tu kwa wateja. Nikajiambia nitaliona siku nitakayopanda kwa miguu yangu."

"Ni maji tu," nikamjibu. "Hata kwenye sinki yapo."

Asubuhi ya mbio kulikuwa na ukungu na baridi. Tulisimama kwenye uwanja wa mpira tukirukaruka, sitini na mmoja, kila mtu akimdanganya mwenzake kwamba hakujiandaa. Filimbi ikalia, tukatoka.

Kilima cha kwanza tulipanda ndani ya mashamba ya chai, mistari ya kijani imepanda na kushuka kama kichwa kilichochanwa vizuri. Palikuwa pazuri, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye visigino vya Taratibu. Kando yetu alikimbia mwalimu mmoja wa jiografia, mstaafu, kaptula mpaka kifuani, akitufundisha miamba bila kuombwa. "Huu, vijana, ni mteremko wa upande wa upepo!" Tulimchukia wote kwa pamoja. Hilo peke yake ndilo lililotuunganisha siku ile. Akatupita akiwa bado anafundisha.

Kilima cha pili, msitu wa misonobari, njia laini, harufu ya utomvu. Watoto wamekaa juu ya ukuta wanashangilia. "Twende, mrefu, twende!" Mrefu ni Taratibu. Kwangu wakasema, "Na wewe pole." Hata ng'ombe wa kilima cha tatu waliacha kutafuna wakamtazama yeye. Mkidhani natia chumvi, muulizeni mwalimu.

Kilima cha tatu ndipo jua lilipotoka, na ukungu ukakunjwa kama shuka. Jasho likaanza. Nikamwona Taratibu anapitisha mkono machoni. Hatua kumi, anapitisha tena. Akafuta kwa fulana, na fulana yenyewe ilikuwa imelowa chumvi tangu kilima cha kwanza, akawa anapaka pilipili kwenye kidonda. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Najua inasikika vibaya. Ilikuwa furaha kabisa, ya kupiga vigelegele.

Kilima cha nne wakimbiaji wanakiita Mvunja Nadhiri, kwa sababu hapo ndipo watu huapa hawatarudi tena, na mwaka unaofuata wapo. Hakina mti hata mmoja. Nilimpita katikati ya mlima nikiwa natembea, kwa kuwa na yeye alikuwa anatembea, mkono mmoja umeziba uso. Redio ilizimwa.

Nikafika juu, kilomita ya thelathini na moja. Na ziwa lilikuwepo. Siwezi kuwadanganya, lilikuwa limelala huko chini, kubwa mpaka halina mwisho, na vilima vyote vimeliinamia kama wateja wanaosubiri zamu. Nilikaa sekunde tatu. Ya nne nikageuka nishuke zangu.

Nyuma yangu Taratibu alikuwa amefika. Amesimama, kifua kinapanda na kushuka, macho ameyafumba kabisa, mekundu mpaka kwenye kope, machozi na jasho vinachuruzika. Uso ameuelekeza kwenye mawe, siyo kwenye ziwa.

"Redio? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tumefika juu?"

"Tumefika."

Akajaribu kufumbua. Yakajifunga yenyewe. Akaanza kwenda mbele polepole, mguu unapapasa, na mbele yake upande wa kushoto njia ilikuwa imemeguka. Hakukuwa na njia pale, kulikuwa na hewa. Nikamdaka fulana nyuma.

Msinipigie makofi. Haukuwa wema. Niliona tu sura ya shangazi akiniuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Shika bega langu," nikasema. "Meza ya shangazi ipo huko mbele. Mpaka hapo tu."

Akashika. Tukaanza kuteremka, kichochoro cha mawe, mimi mbele yeye nyuma. "Jiwe. Ngazi. Kulia, kulia, nimesema kulia!" Nilihesabu wakimbiaji wanne waliotupita.

Baadaye akasema, "Niambie lilivyo."

"Nini?"

"Ziwa."

Nikatazama kushoto. "Ni kubwa."

"Redio, mteja akikaa kwako unamsimulia harusi ya jirani saa nzima. Leo ndio 'ni kubwa'?"

Basi nikaanza. Nikamwambia rangi yake, karibu na ukingo kijani ya chupa, katikati bluu ya sare ya shule. Nikamwambia upepo unavyopita juu yake kama brashi ya poda. Yeye kimya, bega langu mkononi mwake, anasema tu "eeh", "halafu?", "upande gani?" Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo maishani. Nikaona kwa nini watu wanakaa kwenye benchi kumsubiri, na hilo likanichoma kuliko jua. Basi na mimi nikaongeza chumvi. Nikamwambia kuna kisiwa katikati, kidogo, kina mti mmoja, na chini ya mti kuna kibanda chenye paa jekundu.

"Paa jekundu?" akauliza, anatabasamu na macho ameyafumba.

"Jekundu kabisa."

Kilima cha tano ni kifupi, tulikipanda tumeshikana hivyohivyo, na shangazi alipotuona tunakuja kama treni ya mabehewa mawili akaangusha ndoo. "Yesu wangu! Mwanangu, macho yamefanya nini?" Mwanangu, anamaanisha yeye. Akamwinamisha, akaanza kummiminia maji usoni kwa jagi. Akamshika kidevu. "Na hizi nyusi zako zimekwenda wapi?"

Sikusubiri jibu. Nikaondoka.

Ndiyo, nilimwacha palepale ameinama. Zilibaki kilomita nne, tambarare, na kiti cha mlangoni kilikuwa kinaning'aria mbele yangu njia nzima. Nilikimbia nikikiona kile kioo kisicho na ufa. Kilomita moja, mbili, tatu. Nikaingia barabara ya uwanjani, watu wameanza kupiga makofi, nikawapungia mkono. Ndipo nikasikia nyayo nyuma yangu. Hazikuwa na haraka. Zilikuja kwa mwendo uleule, kama mkasi wake unavyolia sikioni mwa mteja. Nikaongeza kasi. Zikabaki kwa mwendo uleule na zikazidi kukaribia, na mpaka leo sielewi hesabu hiyo. Mbele ya lango la uwanja Taratibu akanipita, macho mekundu kama nyanya, yamefunguka. Alinishinda kwa hatua sita. Mwalimu wa jiografia alikuwa ameshavaa viatu vya nyumbani, anakula chungwa.

Jumatatu alihamishia mkasi wake kiti cha kwanza. Mimi nikapewa cha kati, na shangazi aliponipita alinitazama nyusi.

Sasa sikieni mateso. Kila mteja aliyekaa kwa Taratibu alisimuliwa mbio. Yeye, asiyesimulia! "Jasho liliniziba macho, sikuona hata kidole. Bila Redio ningekuwa chini ya kilima. Aliacha nafasi yake akanishusha, akanionyesha ziwa kwa mdomo. Kuna kisiwa, kina mti mmoja, na kibanda chenye paa jekundu." Wateja wakageuka kunitazama. Mmoja akahama benchi akaja kwangu kwa hiari, akasema, "Ninyoe wewe, mtu wa watu." Nikamnyoa. Huyo Redio anayesimuliwa namwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Taratibu. Watu wanampenda, na mimi simfahamu.

Jumamosi ikafika. Tukafagia. Akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni, nikamfunga kitambaa, nikakanyaga pedeli. Kimya kama mheshimiwa.

"Juzi nilipanda tena Mvunja Nadhiri," akasema. "Nilitembea tu."

"Eeh."

"Hakuna kisiwa."

Mashine ilikuwa inanguruma mkononi. Nikaizima.

"Nyusi," akasema, na akafumba macho, "leo usiguse."

Sikugusa. Nilinyoa kichwa tu, kisha tukabadilishana. Nikakaa, akanifunga kitambaa bila kunikaba. Akanyoa juu, akanyoa pembeni, akasafisha shingo. Halafu wembe ukaja mbele, ukatua juu ya nyusi ya kulia, wa baridi, ukatulia hapo. Nilisubiri.

"Fanya tu," nikamwambia. "Nimestahili."

Akafuta wembe kwa kitambaa, akazungusha kiti nijione. Zilikuwepo zote mbili, nene, zimekaa kama viwavi wawili waliosalimiana. Hata unywele mmoja hakuuchukua. Hata kisasi alininyima, na sasa niambieni, mtu wa namna hii unamshindaje?