Safu ya Sababu

Jumatano ile kompyuta ilipojizima na kujiwasha yenyewe kwa mara ya tatu siku hiyo, fundi hakuwa tena na kitu cha kubadilisha ndani yake. Feni alishaisafisha. Vumbi alishalipuliza. Ile dawa nyeupe ya kupitisha joto aliipaka upya, tena kwa kipimo, si kama mafundi wanaoipaka kama siagi kwenye mkate. Pawa saplai ya kuilisha umeme ilikuwa ya pili ndani ya wiki mbili. Programu zote alizifuta na kuziweka upya. Na bado mkewe alikuwa anasoma zake, kioo kikaingia giza, mashine ikalia "ti!" na kuamka kama mtoto asiyejua alichovunja.

"Tena!" mkewe akapaza sauti.

Neno hilo moja fundi alikuwa amelisikia mwezi mzima, na sasa lilimchoma kama mwiba wa samaki. Mtaani walimwita Daktari. Watu walimletea mashine zilizomwagiwa chai, zilizoanguka ngazini, moja hata iliyokojolewa na paka, na zote zilitoka mikononi mwake zikiwa hai. Leo anashindwa na ya chumbani mwake mwenyewe! Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakulazimika kula chakula wakitazamana na mgonjwa wao.

Ingekuwa mashine ya michezo tu, angeitupa dirishani. Lakini Jumamosi saa tatu asubuhi mkewe alikuwa na mtihani wa mwisho wa cheti cha ualimu wa chekechea, mtihani unaofanywa kwenye kompyuta huku chuo kikimtazama kwa kamera. Miaka kumi na mmoja alikuwa msaidizi wa mwalimu. Anafuta makamasi, anafunga kamba za viatu, anafundisha mwalimu akichelewa, na mwalimu akifika anaambiwa akae nyuma. Mtihani wa kwanza aliufanya wiki tatu zilizopita. Chuo kinavumilia mashine kuzimika mara mbili. Ya kwake ilizimika mara tatu, mtihani ukafungwa, akaandikiwa sifuri. Jumamosi hii ilikuwa nafasi ya pili na ya mwisho. Akiikosa anaanza upya mwaka wa kwanza, na alishaapa kwamba haanzi.

"Niache nikafanyie kwa jirani," alikuwa ameomba mapema.

"Mke wa fundi akaombe kompyuta kwa jirani? Watu watanionaje?"

Siku ya mwisho ya kuandikisha mashine nyingine chuoni ikapita hivyo hivyo, wanabishana.

Kilichomkasirisha fundi kuliko vyote ni kwamba mashine ilikuwa na adabu mbele yake. Siku moja aliikalia saa nne nzima, mikono kifuani, nayo ikatulia kama imekwenda kuposa. Akapima umeme kwa mita: sawasawa. Akainuka, akarudi upande wa pili wa ukuta, sebuleni, alikohamishia meza yake ya kazi tangu jengo la karakana livunjwe mwezi uliopita. Hata simu moja ya mteja hakuimaliza kutengeneza. "Tena!"

Mtu akiishiwa vifaa vya kulaumu, humgeukia binadamu. Jumapili iliyotangulia, shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amekuja kuwasalimu, na mashine ikazimika fundi akiwa anamalizia kazi ya mteja. Akaingia ndani akifuta mikono, akasema mbele ya mgeni, "Shemeji, mimi nimepima kila kitu. Mashine haina kosa. Mikono ya dada yako ndiyo yenye kisirani."

Shemeji alicheka. Mkewe hakucheka. Alikusanya vikombe watu hawajamaliza chai.

Mkewe alikuwa na daftari. Alilianza siku ya mtihani ule wa kwanza, akalichora kwa rula kama afanyavyo darasani, safu nne: tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, sababu. Safu tatu alizijaza kila mashine ilipozimika. Ya nne aliiacha tupu. "Hiyo ni kazi yako," alimwambia mumewe.

"Kompyuta haifundishwi chekechea, mke wangu," fundi akamjibu.

Jumatano ile, baada ya ile mara ya tatu, akaja akaliweka juu ya meza ya kazi. "Lisome tu, baba watoto. Sikuombi kingine."

Hakulisoma. Aliweka bisibisi zake juu yake.

Jumamosi mkewe alivaa nguo yake nzuri, akajifunga kilemba, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kamera haikutaka kuona mtu wa pili. Fundi akabaki sebuleni, sikio ukutani. Saa tatu na nusu, kimya, vidole tu vikigonga kibodi. Saa nne, kimya. Akaanza kupumua kama watu. Ndipo akaingia muuza mayai, simu yake haichaji.

"Daktari, niokoe. Wateja wangu wote wamo humu."

"Leo sipokei kazi, mama."

"Dakika kumi tu, jamani! Ni tundu la chaji."

Kusema kweli fundi alitaka kitu cha kutuliza mikono. Akaifungua simu, akashika bunduki yake ya hewa moto, ile ya kulegeza vipande vilivyochomelewa, akabonyeza. Ikanguruma.

"Tena!"

Safari hii haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

Mwezi mzima neno hilo lilimkuta hivi hivi, na kila mara alitupa alichoshika akakimbilia ndani. Leo ndani hakuruhusiwa. Kwa kukosa pa kukimbilia, akabaki amesimama, akautazama mkono wake mwenyewe. Bunduki ilikuwa bado inapuliza. Akaufuata waya wake kwa macho mpaka kwenye ekstensheni chini ya meza. Kwenye ekstensheni ile ile ulichomekwa waya mwingine, uliopenya tobo la ukuta kwenda chumbani, kwenye kompyuta. Na ekstensheni yenyewe aliiunga kwenye soketi kwa kipande chembamba cha waya wa taa, siku aliyohamia, kwa haraka, akasema ni kwa muda tu.

Bunduki ikianza kuvuta, umeme unaobaki haumtoshi mgonjwa. Alipoivizia mashine kwa saa nne, bunduki ilikuwa imelala. Alipopima kwa mita, imelala. Mashine haikuwa inamwogopa hata kidogo.

Akaichomoa bunduki taratibu.

"Chukua simu yako, mama. Rudi mchana."

"Kwani imeshindikana?"

"Mimi ndiye nimeshindikana."

Muuza mayai akaondoka akinung'unika. Nyuma ya ukuta mashine ikalia "ti!", na baada ya dakika mbili ndefu vidole vikaanza kugonga tena. Mkewe alikuwa ameruhusiwa kurudi mtihanini. Fundi akaketi, akaziondoa bisibisi, akafungua daftari.

Hakukuwa na mstari hata mmoja wa Jumanne aliyoshinda hospitalini akitengeneza printa. Hakukuwa na mstari wa Ijumaa waliyomzika jirani mmoja. Mingine yote ilikuwa saa zake za kazi, saa tano, saa nane, saa kumi, imeandikwa kwa mwandiko wa mwalimu usiokosea. Nilikuwa nafanya nini: nasoma. Nasoma. Naandika jina langu.

Angeweza kunyamaza. Angebadilisha waya Jumatatu, akapiga kifua, akaitwa Daktari kama jana. Tusimsingizie wema: wazo hilo lilimjia, na alikaa nalo kitambo. Halafu akarudi ukurasa wa kwanza, penye siku ya mtihani ule wa kwanza. Mistari mitatu, tarehe moja. Kwenye mstari wa tatu mkewe alikuwa ameandika: nimebakiza maswali saba.

Fundi akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa, alitafuta kalamu, akaingia kwenye safu ya sababu, akaandika: Mimi. Akashuka mstari. Mimi. Akaijaza safu nzima mpaka chini, mistari ishirini na sita, kisha akachora mstari wa ishirini na saba kwa ajili ya leo.

Saa sita mlango ukafunguka. Kilemba kilikuwa kimelegea.

"Nimemaliza," mkewe akasema. "Maswali mawili nimekisia." Akavuta kiti, asikae. "Imezimika mara moja tu. Umeifanyaje?"

Fundi alikuwa amejiandalia maneno mazuri. Aliyaacha. Akampa daftari.

Mkewe akalisoma amesimama, kidole kikishuka ukurasani, kikifunua, kikishuka tena. Akamtazama mumewe, akaitazama bunduki, akatazama waya mwembamba kwenye soketi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Mikono yenye kisirani," akasema polepole. "Mbele ya kaka yangu."

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Mimi je? Nilikaa mwezi mzima naiogopa hii mikono. Nilikuwa naosha vyombo naiangalia." Machozi yalimlenga, akayazuia. "Chukua simu."

"Simu ya nini?"

"Mpigie kaka. Msomee."

"Yote?"

"Mstari kwa mstari. Tarehe, saa na sababu."

Fundi akatafuta namba, akabonyeza. Simu ikaanza kuita. Mkewe alikuwa bado ameshika daftari, kidole kimesimama katikati ya ukurasa wa kwanza.

"Ngoja," akasema. "Wa tisa uruke. Siku ile umeme ulikatika mtaa mzima."