Mguu wa Kilo Kumi na Mbili

Makoye alipoliweka boksi lake juu ya mizani, pale ofisi ya vifurushi ya Kahama, namba nyekundu zilicheza kidogo kisha zikatulia kwenye mbili nukta nane. Akashusha pumzi. Bei zilikuwa zimebandikwa ukutani, na alikuwa amezisoma mara tatu akiwa kwenye foleni, ameegemea magongo: kilo ya kwanza elfu tisa, kila kilo inayoongezeka elfu nne na mia tano. Mbili nukta nane wangeihesabu tatu. Elfu kumi na nane. Mfukoni alikuwa na elfu ishirini na mbili.

Ndani ya boksi mlikuwa na mguu wake.

Ule wa nyama na mfupa aliuacha machimboni Mwakitolyo miaka minne iliyopita, siku matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, shimo la kuchimbia dhahabu, yalipokatika na kifusi kikamfukia kuanzia kiunoni. Mwenye duara alilipa hospitali wiki mbili, halafu simu yake ikawa haipatikani. Huu wa bandia alipewa bure na karakana moja ya Dar es Salaam, baada ya kungoja mwaka mzima, na ulimfaa sana. Lakini kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kikaendelea kusinyaa. Kile kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu kikaanza kupwaya, kila hatua kinatoa mlio wa hewa, ngozi ikachubuka mpaka ikawa vidonda. Makoye akampigia fundi.

"Usihangaike kuja," fundi alimwambia. "Nenda hospitali ya hapo wakupime kigutu, nitumie vipimo kwa simu. Mguu wenyewe utume, nitakutengenezea kikombe kipya. Ila usiuweke kwenye basi. Mwezi uliopita mguu wa mtu umepotelea stendi. Tuma kwa kampuni ya vifurushi, wautue hapa mlangoni. Kazi yangu ni bure, usafiri wa kuja na kurudi ni wako."

Makoye alikuwa na haraka. Kausar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, alikuwa anatafuta mtu wa stoo kuanzia tarehe moja. "Kazi ya kuhesabu mzigo unaposhuka," alimwambia. "Saruji, nondo, bati. Kalamu unaijua, nimeona. Lakini stoo yangu ndefu, Makoye. Nataka mtu anayetembea." Makoye akamjibu kwamba ifikapo tarehe moja atamkuta anatembea. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Sasa akatoa noti zake na kuziweka kaunta. Binti wa kaunta, aliyevaa beji iliyoandikwa Nelly, hakuzigusa. Alichukua tepu ya kupimia, akaipitisha juu ya boksi, ubavuni, kisha kimo.

"Shikamoo, baba. Samahani, sijakusalimia."

"Marahaba. Mbona unapima tena? Mizani imeshasema."

"Mizani inasema uzito. Hii ni ya ujazo." Akabonyeza kikokotoo. "Urefu themanini, upana hamsini, kimo kumi na tano. Ukizidisha unapata elfu sitini. Tunagawanya kwa elfu tano. Kilo kumi na mbili."

"Kilo kumi na mbili za nini?"

"Za boksi, baba. Unalipia ile iliyo kubwa kati ya mizani na ujazo. Kumi na mbili ni elfu hamsini na nane na mia tano."

Makoye alicheka, akidhani kuna mahali binti amekosea. Boksi lilikuwa la televisheni, alipewa na jirani. Alikuwa amelijaza magazeti na mfuko wa nailoni ili mguu usigongegonge.

"Mwanangu, humu ndani kuna mguu. Ninaubeba kwa mkono mmoja. Kilo nyingine tisa zimetoka wapi?"

"Ni nafasi, baba. Gari likiweka boksi lako, mahali hapo haliwezi kuweka mzigo mwingine. Hata kama ndani kuna pamba, gari limejaa."

"Kwa hiyo mnanitoza hewa."

"Ndivyo wateja wanavyosema," Nelly alijibu, bila kejeli.

Watu wa nyuma walianza kuguna. Makoye akazirudisha noti mfukoni. Miaka kumi na moja alichimba. Dhahabu yake ilipofika kwa mnunuzi ilipimwa kwa uzito, halafu ikakatwa kwa sababu ya uchafu. Mawe yake yalipofika karasha, kwenye mashine ya kusaga, yalihesabiwa kwa viroba, na kiroba kizito kikawa sawa na chepesi. Leo ndiyo kwanza amekuja na kitu chepesi kinachomwia nafuu mizanini, wametoa tepu.

Akataka kuondoka. Nelly akamzuia.

"Ngoja, baba. Tatizo si mguu, ni boksi. Tujaribu dogo." Akaingia ndani, akatoka na boksi la kahawia la kampuni. Waliutoa mguu mbele ya watu wote: kikombe, chuma, unyayo wa mpira ndani ya soksi. Mama mmoja aliyeshika bahasha akageuza uso. Mguu uliingia, lakini unyayo, kwa kuwa umekaa kama herufi L, ulilazimisha boksi kuwa pana. Nelly akapima. Hamsini kwa thelathini kwa kumi na nane.

"Tano nukta nne, inahesabiwa kilo sita. Elfu thelathini na moja na mia tano."

Mfukoni alipungukiwa elfu tisa na mia tano. Zipora, mkewe, alikuwa sokoni na beseni lake la dagaa, si mwendo mrefu kwa bodaboda. Makoye alilifikiria hilo. Akafikiria jinsi atakavyosimama mbele ya beseni na magongo yake, wanawake wengine wakisikiliza.

"Hakuna dogo zaidi?"

"Lipo." Nelly aliutazama mguu, akainamisha kichwa kama mtu anayepanga nguo kwenye sanduku. "Huu unyayo hautoki? Naona una skrubu hapa. Ukitoka, ukalazwa ubavuni mwa chuma, ungeingia kwenye lile dogo, na hapo mizani na ujazo vyote vinakuwa tatu."

"Kumbe!" alisema Makoye, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwona huyu binti kuwa mtu wake.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi baiskeli anayeitwa Jilala. Alikuwa na spana ndogo iliyopinda, ya saizi ya zile skrubu. Skrubu zilikuwa nne, zimezunguka kifundo cha chuma. Jilala alizilegeza moja baada ya nyingine, akaziviringisha kwenye karatasi. Unyayo ukatoka. Ulikuwa mwepesi kuliko Makoye alivyodhani. Boksi dogo likafungwa, likapimwa: arobaini na tano, ishirini, kumi na sita. Mbili nukta themanini na nane. Kilo tatu. Elfu kumi na nane.

"Umeona, baba?" Nelly alitabasamu.

"Nimeona. Mungu akubariki." Alimwachia Jilala elfu moja, akapanda bodaboda kurudi nyumbani, kuelekea upande wa Buzwagi, akijisikia mshindi. Jioni alimsimulia Zipora habari ya tepu na elfu tano za kugawanya. Zipora akasikitika, kisha akacheka. Habari ya boksi la katikati, lile la kilo sita, hakuitaja.

Siku zikapita. Siku ya kumi na sita akapokea ujumbe kwamba mzigo wake umefika, na kwamba una malipo kwa mpokeaji: shilingi elfu themanini na moja.

Alikwenda akiamini wamekosea. Nelly alilitoa boksi kwa mikono miwili, halikuwa zito ila lilikuwa kubwa, jipya, limezungushiwa gundi ya plastiki pande zote. Makoye hakumngoja. Alitoa simu, akasoma vipimo vilivyoandikwa ubavuni: sabini, arobaini, thelathini. Akazidisha, akagawanya. Kumi na sita nukta nane. Kilo kumi na saba. Ya kwanza elfu tisa, kumi na sita zilizobaki kwa elfu nne na mia tano. Themanini na moja kamili.

"Hesabu ni sahihi," alisema.

"Wa Dar hufunga hivyo ili mzigo usivunjike," Nelly alisema kwa sauti ndogo. "Ukichelewa zaidi ya siku tatu kuna ada ya kuhifadhi, elfu mbili kwa siku."

Kuzipata fedha hizo kulichukua siku nne. Zipora alitoa fedha zake za kikoba, zile alizokuwa anazikusanya tangu mwezi wa tano apate kununua dagaa kwa gunia badala ya kwa debe. Alizihesabu, akampa. Makoye akalipa elfu themanini na tatu, akalifungua boksi palepale kaunta. Kikombe kilikuwa kipya, kinang'aa. Ndani yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa fundi:

"Unyayo ulikuja umefunguliwa. Zile skrubu ndizo zinazoshika mwelekeo wa mguu, na mwelekeo hupimwa mtu akiwa amesimama. Nimefunga kwa kukisia. Njoo mwenyewe nikurekebishe. Usiutembelee mwendo mrefu kabla ya hapo."

Alisoma mara mbili. Akaketi kwenye benchi, akavaa mguu. Kikombe kilikishika kigutu vizuri, hakuna mlio wa hewa, hakuna maumivu, na kwa kitambo kidogo alifurahi. Akasimama. Vidole vya unyayo vilitazama nje, kuelekea ukutani, na goti likavutwa huko huko. Alipiga hatua tatu, na nyonga ikalalamika.

"Vipi, baba?" Nelly aliuliza.

Makoye akampa ile karatasi. Alimwangalia akisoma, akaona midomo yake inasimama katikati ya mstari.

"Wewe ndiye uliyeniambia niufungue," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa. "Mguu wa mtu umeufanya kama kitanda cha kubomoa! Umesoma kupiga hesabu za hewa, hiki hukusoma? Nani alikuomba ushauri?"

Nelly akaikunja karatasi taratibu.

"Sikujua, baba. Nilitaka ulipe kidogo."

"Kidogo!" alisema Makoye, akatoka na magongo yake kwapani.

Barabarani alipunguza mwendo. Alijua binti hakuwa na kosa, au kama alikuwa nalo, lilikuwa dogo kuliko la Makoye mwenyewe. Hakurudi kumwambia.

Alipita kwa Jilala. Walijaribu pamoja kuzilegeza na kuzikaza zile skrubu, vidole vikaja ndani mno, vikaenda nje mno. Mwisho wakapata mahali palipokaribia. Kwa macho, mguu ulikuwa sawa.

Tarehe moja akawa dukani kwa Kausar kabla ya mlango kufunguliwa. Aliyaacha magongo nyumbani. Kausar alimkaribisha kwa chai, akampa ubao wenye karatasi na kalamu.

"Nenda mpaka mwisho, kwenye nondo za milimita kumi. Nihesabie, urudi."

Stoo ilikuwa ndefu kweli. Makoye alianza vizuri. Alipofika kwenye mabati, nyonga ilikuwa inawaka. Alipofika kwenye nondo, jasho lilikuwa limelowesha karatasi. Akahesabu. Wakati wa kurudi mguu ulimpeleka kushoto kila hatua, akawa anajirudisha, mpaka akalazimika kushika rundo la mabati na kusimama. Alisimama muda mrefu. Alipoinua macho, Kausar alikuwa mlangoni, amemtazama.

"Ngapi?" aliuliza Kausar.

"Mia moja na arobaini na mbili."

"Sawasawa. Ndizo." Akamfuata, akauchukua ubao kwa upole. "Kaka, mzigo unashuka mara sita kwa siku. Rudi ukipona."

"Mimi siumwi, mama. Ni mguu tu haujarekebishwa. Nipe mwezi mmoja."

"Leo saa nne linakuja roli la saruji," alisema Kausar. Haikuwa jeuri. Lilikuwa roli, na lilikuwa linakuja saa nne. Makoye akamwelewa.

Zipora alimkuta uani, mguu umevuliwa, umelala juu ya kiti. Aliweka beseni chini, akauliza, na Makoye akamweleza. Halafu, kwa kuwa hakuwa tena na kitu cha kulinda, akamweleza na lile boksi la katikati.

"Ilikuwa izidi shilingi ngapi?" Zipora aliuliza.

"Elfu kumi na tatu na mia tano. Mkononi nilipungukiwa elfu tisa na mia tano."

"Siku ile nilikuwa na elfu thelathini kwenye kanga. Baba Luka, nilikuwa pale sokoni."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukuja?"

"Ungesema nimezidi kuomba."

"Nimesema hivyo lini?"

Makoye angeweza kumtajia siku. Ilikuwa mwezi wa kwanza, alipoomba fedha za bandeji, na maneno yalikuwa manne, aliyakumbuka kama yalivyotamkwa. Hakuyataja. Zipora alimwangalia usoni, na taratibu ikaonekana kuwa na yeye ameyakumbuka. Akainamisha kichwa, akaanza kuokota dagaa waliomwagika ukingoni mwa beseni, mmoja mmoja.

Kesho yake Makoye alimpigia fundi. Fundi alisikitika, akaangalia daftari lake, akamwambia nafasi iliyo karibu ni mwezi wa tatu, na aje na fedha ya kulala siku mbili au tatu.

"Na mguu uuvae, usiutume tena," fundi alisema.

"Nitauvaa."

Zipora aliporudi kutoka sokoni aliuliza nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam ni kiasi gani. Makoye akamtajia, pamoja na ya kulala. Zipora akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani na beseni lake. Jioni ile hawakusemezana tena, isipokuwa mara moja, Makoye alipoomba chumvi.