Kikombe Chenye Uzi

Mama Birika hakuitwa hivyo kwa ubaya. Kila baada ya ibada, yeye ndiye aliyepita safu kwa safu na birika la maji na vikombe kumi na viwili vya bati. Tangu mumewe afariki, kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani.

Siku moja akina mama walimvuta kando ya mlango.

"Mwenzetu, mikono ya yule Mshonaji wa benchi la nyuma umeiona? Mabaka mpaka viwikoni!"

"Daktari kasema hayaambukizi," Mama Birika alijibu.

"Kwani daktari anakunywa hapa?"

Wakaangua kicheko. Mama Birika naye akacheka. Jioni ile alichukua uzi mwekundu, masalio ya mapazia ambayo Mshonaji mwenyewe aliishonea nyumba ya ibada bila malipo, akaufunga kwenye sikio la kikombe kimoja.

Miaka miwili Mshonaji alipokea kikombe hicho kwa mikono miwili. "Asante, dada. Mungu akuzidishie." Hakuuliza kitu. Mama Birika akajifariji: maskini, macho yake yameanza kufifia, hajui.

Kisha kifua kikamlaza Mshonaji. Mama Birika alipokwenda kumjulia hali, alikuta cherehani imefunikwa shuka, na jirani ameacha sahani ya chakula nje ya kizingiti, kama anayemlisha paka.

"Dada, natamani maji ya kule kwetu kwenye ibada," Mshonaji alisema.

Mama Birika akarudi mbio, roho ikimsuta njia nzima. Kabatini akakitoa kile kikombe, akaukata uzi kwa meno, akakijaza maji na kukileta amekifunika kwa kiganja.

Mshonaji hakunywa. Kidole chake kilipapasa sikio la kikombe, kikazunguka, kikarudi. Macho yalikwisha zimika, lakini kidole cha fundi hakisahau.

"Hiki si changu, dada," akanong'ona. "Kirudishe. Watakugombeza."

Mama Birika akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kumbe ulijua?"

"Uzi wangu mwenyewe, nisiujue?" Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Nilisema, heri uzi kuliko kufungiwa mlango."

Mama Birika akapiga funda moja, kisha akamwekea mwenzake kikombe mdomoni, upande uleule alionywea yeye. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mshonaji akanywa kidogo. Mengine yalimtiririka shingoni. Kama alisamehe, hakusema. Akafumba macho tu, na kesho yake mchana akakata roho. Wa kumwosha hakupatikana. Mama Birika alimwosha peke yake, mikono mitupu, baka kwa baka, akiomba.

Ibada iliyofuata, alipita na birika kama kawaida. Vikombe kumi na viwili, vyote sawa.

"Kipi kilikuwa chake?" mmoja akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui tena. Nimeviosha pamoja."

Wakatazamana. Mmoja akakumbuka ana haraka. Mwingine hakuwa na kiu, ingawa jua la siku ile lilikuwa la kupasua kichwa. Safu ya kwanza, safu ya pili, mpaka ya mwisho. Birika likarudi limejaa pomoni.

Mama Birika akakaa kwenye benchi la nyuma, mahali pa Mshonaji. Akajimiminia, akanywa. Akajimiminia tena.