Ombi la Kumnyoosha Kulwa

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni kwenye chuo kimoja cha Uchina ya kale, mkononi nina fomu ya kuomba pacha wangu anyooshwe.

Ombi lenyewe lilikuwa halali. Mimi ni mwalimu wa falsafa katika chuo cha ualimu hapa Morogoro, na wiki nzima nilikuwa nikifundisha habari za mwanafalsafa mmoja wa kale, mfuasi wa Konfusio. Yeye alishikilia kwamba binadamu huzaliwa amepinda kama mti wa porini, na kinachomnyoosha ni mwalimu na taratibu za heshima, kama mvuke na jiliwa vinavyonyoosha ubao. Nilipofika hapo nilimkumbuka Kulwa moja kwa moja.

Dirishani ameketi jiliwa, lile la seremala la kubania mbao. Amevaa miwani.

"Jina?"

"Doto."

"Doto ni wa pili. Wa kwanza yuko wapi?"

"Wa kwanza ndiye aliyepinda. Ndiye niliyemjazia fomu."

"Hapa jina na mwenye jina lazima vilingane. Siwezi kumhudumia wa pili kabla ya wa kwanza. Anayefuata!"

Nyuma yangu hakuna mtu. Jiliwa anamsubiri huyo anayefuata, kwa subira kubwa, karibu saa nzima.

Nikaomba kumwona mwanafalsafa mwenyewe. Kiti chake ndicho kilichonijibu.

"Hayupo. Amekuwa mkuu wa chuo hiki mara tatu. Safari hii wamempikia majungu, kaenda kusini kuwa hakimu wa wilaya."

"Atarudi lini?"

"Mama, mimi ni kiti."

Nikatoa picha ya Kulwa, nikamwambia jiliwa, "Basi nyoosha walau hii."

Akaitazama, kisha akanitazama. "Huyu ni wewe."

"Sisi ni mapacha wa kufanana!"

"Ndiyo maana nauliza aliyepinda ni yupi."

Nikasonya. Nikafungua mlango nitoke zangu, nikajikuta uani kwa marehemu mama, Kahama. Theluji inaanguka juu ya mihogo. Theluji, Kahama! Kwenye kigoda cha mama ameketi Mbingu, anamenya karanga.

"Shikamoo," nikasema, maana Mbingu ni mkubwa.

"Marahaba."

"Tafadhali, simamisha baridi hii."

"Mimi nina kazi zangu, na ninyi mna zenu," Mbingu akasema bila kuinua macho. "Baridi ni yangu. Yule kule nyuma ya nyumba ni wako."

Nikazunguka nyumba. Kulwa amesimama kando ya kaburi la mama, theluji mabegani, ngumi imefumbata udongo.

Miezi minane iliyopita, siku ya mazishi, katekista alisema mtoto mkubwa atangulie kutupa udongo. Tulitoka wote wawili. Kulwa alinitangulia duniani kwa dakika kumi. Mimi nilimuuguza mama miaka sita. Tukasukumana mbele ya waombolezaji, hadi mjomba Lutonja akachota udongo akautupa mwenyewe ili aibu iishe. Sisi hatukutupa. Tangu siku hiyo hatujasemeshana.

"Umechelewa," Kulwa anasema.

"Kulikuwa na foleni."

"Nimesimama hapa miezi minane. Mkono haufunguki."

"Hivyo ni vidole tu, Kulwa. Vifungue."

"Nimejaribu. Naambiwa wa kwanza si wa kwanza kama hakuna wa pili."

"Nani kakwambia?"

"Udongo."

Udongo ukathibitisha, kutoka ndani ya ngumi. Ukaongeza kwamba kazi yake ni kufukia, si kushikwa, na kwamba hakuna anayeuuliza unajisikiaje.

Nilichoka. Nimekwenda hadi Uchina, nimejibiwa ovyo na kiti, na sasa nabishana na udongo. Nilitaka kusema miaka sita. Nilitaka kuuliza nani alikuwa akibadilisha yale mashuka.

"Najua ulimuuguza wewe," Kulwa akasema kabla sijafungua mdomo. "Mimi nilikuwa mbali. Sikuwa na lolote nililomfanyia. Ndiyo maana nilitaka walau kutangulia."

Analia bila sauti, kama mama alivyokuwa akilia.

Likanitoka neno ambalo sikuwahi kulitamka kwa miaka arobaini na mitatu.

"Tangulia, dada."

Mkono ukafunguka. Udongo ukaanguka kaburini, ukashukuru. Nikachota wangu, nikautupa baada ya wake. Lilikuwa jambo la nukta chache tu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mara nikahisi mvuke wa moto mgongoni. Jiliwa amenibana, kuanzia mabegani hadi kiunoni.

"Ombi limekubaliwa," akasema, huku anakaza.

"Lakini aliyeombewa ni Kulwa!"

"Mapacha wa kufanana. Ofisi haiwezi kujua kila kitu."

Nikaamka nikipiga kelele. Jua lilikuwa limeshachomoza. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Kulwa, wa kwanza tangu msiba:

"Nimesikia. Ila hilo la dada usilirudie mbele za watu, wataniona mzee."