Kitambaa cha Kapteni na Masharti Yake

Maveterani wa Kamembe ni timu ya wazee ambao matumbo yao hufika kwenye mpira kabla ya miguu. Kapteni wetu alipohamia Kigali, tulikubaliana kitambaa chake akivae mchezaji mwenye mabao mengi kuliko wote, atuongoze Jumapili kule Bukavu. Hapo vita ikaanza, maana Papa Buhendwa na Papa Ndagijimana, kila mmoja alikuwa ameshamwambia mkewe kwamba kapteni ni yeye.

Mabao yote ninayo mimi kwenye kompyuta, kila bao na mstari wake: mfungaji, kipindi, lilivyoingia, na kama siku hiyo tulishinda. Kompyuta yangu inaongea Kifaransa, na fomula ya kujumlisha inaitwa SOMME.SI.ENS. Niliwaeleza kwamba unaipa masharti, nayo inajumlisha yale tu yanayotimiza masharti yote kwa pamoja. Na sharti likiingia halitoki.

Walifurahi kama batoto waliopewa kiberiti.

Jumla ya kwanza, Buhendwa akawa mbele. Ndagijimana akasema penalti si bao, ni zawadi. Nikaweka sharti, akapita yeye. Buhendwa akauliza bao lina faida gani siku tuliyofungwa. Nikaweka. Ndagijimana akataka ya kipindi cha pili peke yake, wakati wanaume wa kweli ndio bado wanapumua. Buhendwa, huku akinywa chai yangu, akadai bao liwe limepigwa kutoka mbali, maana yale ya mwenzake hata bibi yake angeyasukuma kwa fagio.

Nikabonyeza. Buhendwa sifuri. Ndagijimana sifuri.

Wakanitazama kana kwamba nimewaibia. Basi nikapitisha majina ya timu nzima kwa masharti yaleyale. Likabaki bao moja, la Mzee Ntabaza, golikipa wetu, aliyekuwa pembeni akitafuna mandazi. Siku ile alipiga mpira kutoka golini kwake, upepo wa ziwa ukaubeba, ukadunda ukampita golikipa wa wenzetu juu ya kichwa.

"Lakini ile mimi nilikuwa naondosha tu mpira," Ntabaza akasema.

"Ongeza sharti," Buhendwa akaniambia upesi. "Golikipa hahesabiwi."

Ntabaza akajipangusa mafuta, akanyoosha mkono apewe kitambaa. "Mumechelewa, ba Papa. Kapteni mpya amesema masharti yamefungwa."

Jumapili tulivuka daraja la Rusizi, Kapteni Ntabaza mbele na kitambaa chake, mikono mitupu. Nyuma yake Buhendwa alibeba mipira, Ndagijimana maji, wakibishana mzigo wa nani mzito.