Risasi ya Kumi na Moja

Bastola ilitoa mlio mkavu, "ta," bila moto wala moshi, na mtutu ukachovya chini kama bata anayekunywa maji.

"Umeona?" alisema Tuto. "Hiyo ilikuwa bubu. Haina baruti, haina fataki. Sasa nani kaisukuma bastola chini? Jini?"

Nilo alivuta chuma cha juu, risasi bubu ikaruka ikaangukia changarawe, naye akalenga tena. Iliyofuata ilikuwa ya kweli. Iligonga ubao upande wa chini kushoto, palepale zilipogonga zote za asubuhi ile.

Walikuwa kwenye machimbo ya mawe juu ya mji wa Danao, yaliyoachwa tangu jiwe zuri liishe. Tuto, kaka mkubwa wa Nilo, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magazini mapajani, akichanganya risasi za kweli na bubu kwa mpangilio aliojua yeye peke yake. Mkono wake wa kushoto ulibaki na kidole gumba na cha shahada tu. Alizishika risasi kwa vidole hivyo viwili kama mtu anayeokota vichwa vya dagaa.

Leonilo Batucan, ambaye kila mtu alimwita Nilo, alikuwa na miaka arobaini na minne, na kwa zaidi ya ishirini kazi yake ilikuwa tupa. Katika karakana ya Madam Quirina yeye ndiye aliyesugua na kuoanisha sehemu za ndani za bastola za mashindano, mpaka kifyatulio kikaachia kwa uzito wa pumzi. Wateja walimsifu bila kumjua. Kulenga shabaha hakukuwa kazi yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Wendell, mpigaji wa karakana, kijana wa vikombe na miwani ya rangi. Lakini Wendell alianguka na pikipiki akavunjika mtulinga, na wiki tatu baadaye wanunuzi wawili kutoka Manila wangekuja kwenye mashindano ya kanda kuitazama bastola mpya.

"Utapiga wewe," Madam alimwambia. "Sikuombi ushinde, Nilo. Nataka imalize hatua zote sita bila kukwama, wao wakiangalia. Wasipoagiza, sina kazi ya kuwapa watu wote kumi na wanne. Unajua hilo."

Alilijua. Akaenda kwa kaka yake, kwa sababu zamani, vidole vikiwa kumi, hapakuwa na jicho Danao lililomshinda Tuto.

Tuto alimfundisha kama mtu anayefundisha kuogelea: kwa kumtupa majini. Asubuhi, mara mia moja kuchomoa bastola tupu kwenye ala. Jioni, mara mia nyingine kubadilisha magazini akitembea. Halafu kuona.

"Acha kutafuta tundu," alikuwa akisema. "Wewe ukipiga unachungulia ubao kama mwanamke anayechungulia sufuria ya jirani. Tazama ile nukta nyekundu mbele ya mtutu. Ukiiona ilipo wakati moto unatoka, tundu unalijua kabla halijatoboka. Halafu achana nalo. Iliyokwenda imekwenda."

"Na nikikosa?"

"Umeshakosa. Utailia matanga huku saa inakwenda?"

Mikono ya Nilo ilijifunza haraka, maana ilizoea vitu vidogo. Macho ndiyo yaliyogoma. Kila kidole kilipokaza, yalijifumba, na mtutu ukachovya. Siku ishirini zilipita hivyo. Siku ya mwisho kabla ya mashindano, jua likielekea magharibi, Tuto aliweka magazini chini.

"Dong," alisema, kama mkubwa amwitavyo mdogo wake, kwa sauti ya chini sasa. "Huogopi kelele. Umeishi kwenye kelele. Unaogopa nini?"

Nilo aliweka bastola juu ya mfuko, mtutu ukitazama ukuta wa mawe.

"Naogopa chuma changu mwenyewe, Nong," alisema, kama mdogo amwitavyo kaka yake.

"Chuma cha karakana hakina neno."

"Sisemi hicho. Nasema kile."

Tuto alijua kile. Miaka kumi na miwili nyuma, walipokuwa wakitengeneza bunduki kwa kificho kwenye kibanda nyuma ya shamba la mahindi, Nilo alichonga mtutu na Tuto akaujaribu. Ulipasuka mkononi mwake. Tangu siku hiyo Tuto alisema ni bahati mbaya, akawaambia wazazi hivyo, akamwambia mkewe hivyo, na hakuruhusu mtu aseme vingine.

"Kulikuwa na ufa," alisema Nilo. "Mwembamba kama unywele. Niliuona. Mteja alikuwa anasubiri, chuma kingine hakikuwepo. Nikausugua juu mpaka usionekane. Nikakupa."

Mbwa alibweka huko chini kwenye nyumba. Tuto alitazama mkono wake, lakini si kwa muda mrefu. Mtu anautazama hivyo mkono aliouzoea. Kisha akainuka, akaokota risasi bubu moja moja kwenye changarawe, akazitia kwenye kopo.

"Risasi za kesho bado hazijashindiliwa baruti," alisema. "Mia mbili. Nikae nizimalize kabla ya chakula." Alishuka njia ya mawe bila kugeuka.

Kesho yake gari la karakana lilipopita kumchukua, mlango wa Tuto ulikuwa umefungwa. Risasi zilikuwa kibarazani, kwenye kopo la biskuti, zimefunikwa kwa kitambaa safi.

Uwanjani, zamu ya Nilo ilifika. Mwamuzi alisema, "Jiandae," saa ikalia, na bastola ikatoka kwenye ala kana kwamba imetoka yenyewe. Macho yakabaki wazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili aliuona moto. Aliiona nukta nyekundu ikiruka na kushuka, ikiruka na kushuka, na kila mara alijua: hii ya katikati, hii imekwenda kulia kidogo, hii nzuri. Hakuwa na mbio. Vijana wa klabu za mjini walimpita kwa sekunde nyingi. Lakini baada ya hatua tatu hakuwa amekosa hata moja, na bastola haikukohoa.

Madam Quirina alimletea wali uliofungwa kwenye ukindu na kipande cha nyama ya nguruwe. "Wanaulizia nani alisugua kifyatulio," alinong'ona, akiwaonyesha kwa kidevu wanaume wawili chini ya mwavuli. "Nimewaambia ndiye huyohuyo anayepiga. Mmoja kashatoa daftari."

Nilo alikula. Kilichomuuma ni kwamba alijisikia mwepesi. Mzigo ameuhamishia kwa mwenzake, na yeye ndiye anayetembea vizuri.

Hatua ya nne ilikuwa ndefu: risasi ishirini na nne, kukimbia kushoto, dirisha, kizuizi, halafu sahani za chuma mwishoni. Uwanja wa pili, ng'ambo ya tuta, walikuwa wakipiga pia, na milio iliingiliana. Nilo alianza vizuri. Nane, tisa, kumi. Kwenye dirisha alikaza kidole kwa ya kumi na moja.

"Puf."

Kama mtu anayetema mbegu. Mkono wa kushoto, uliofundishwa siku ishirini kutomngoja mwenye mwili, ulikuwa umeshavuta chuma cha juu. Ganda likaruka, risasi mpya ikaingia. Kidole kikarudi mahali pake.

"Piga!" Madam alipiga kelele nyuma. "Piga, Nilo, piga!"

Lakini alikuwa ameiona. Nukta haikuruka. Ilikaa palepale, na ubaoni hakukuwa na tundu, na yeye hakuhitaji kutazama ubao ili ajue.

Akatoa kidole. Akaelekeza mtutu kwenye tuta, akainua mkono mwingine.

"Vipi tena?" mwamuzi alisema. "Hujamaliza. Saa inakwenda, mzee."

"Kuna kitu ndani ya mtutu."

Mwamuzi hakuwa amesikia kitu. Alimwamuru aondoe risasi zote, akahakikisha bastola ni tupu, akachukua kijiti chembamba cha mti na kukisukuma kwenye mtutu. Kiliingia urefu wa kidole kimoja kikagota. Akakitoa, akajaribu tena, kikagota.

"Ungepiga nyingine, mtutu huu ungepasuka," mwamuzi alisema.

Hatua ilihesabiwa kama ilivyo. Mbao zote ambazo hakuzipiga ziliandikwa makosa, na bastola yenye risasi iliyonasa haikuweza kuingia hatua ya tano. Mwanaume mmoja chini ya mwavuli alifunga daftari. Mwingine alikuja kuutazama mtutu, akauliza maswali mawili, akaondoka bila kusema neno la kumfaa mtu.

"Ganda halikuwa na baruti, ni fataki tu iliyoisukuma risasi," Madam alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua na kwa hasira. "Nani alishindilia hizi? Tuto?"

"Mimi ndiye niliyezikagua," alisema Nilo.

"Sijakuuliza hilo."

"Ndilo jibu nililo nalo, Madam."

Alimtazama sana. "Jumatatu tutaongea," alisema, akaenda kukunja turubai.

Nilo alipofika kwake, Tuto alikuwa bado mezani, mbele ya mashine ya kushindilia, jua la alasiri likiingia mlangoni. Mkewe alimwambia Nilo kwamba hajala tangu jana. Nilo aliweka mtutu juu ya meza na kumweleza yote, kuanzia hatua ya kwanza.

Rangi ilimtoka Tuto. "Hukupiga iliyofuata."

"Sikupiga."

"Ilikuwa imeshaingia?"

"Ilikuwa imeingia, Nong. Kidole kilikuwa juu yake."

Tuto alifumba macho.

"Jana kila nikivuta mkono wa mashine nilikuona unausugua ule ufa," alisema. "Kila mara. Sikuwa naangalia baruti. Nikijiuliza kama nilisahau tu, au..." Alisita. "Dong, sijui. Nimekaa hapa tangu asubuhi, sijui. Nilitaka nije nikuzuie, sikuja."

Nilo alivuta kigoda akakaa upande wa pili wa meza. Kwenye kopo la biskuti zilibaki zaidi ya mia. Alichukua kinyundo cha plastiki cha kutolea vichwa vya risasi, akatia moja ndani, akamsogezea kaka yake kisahani cheupe.

Tuto alikishika kwa vidole vyake viwili.

Nilo akagonga mara tatu kwenye kipande cha mbao, akafungua, akamimina. Wote wawili wakainama kutazama kama mna baruti.