Mrija wa Evarista

Evarista alikuwa akisoma falsafa Dodoma, na tumbo lake ndilo lililolipa karo. Mchana pasi ndefu, yaani kupitisha bila kula, jioni chai kavu na kitabu, mpaka daktari wa chuo akamwambia ana vidonda vya tumbo: asiguse pombe, asikae na njaa, asisafiri kabla ya kupata nafuu. Mtoto akaitikia vizuri, kisha akapanda basi. Sikio la kufa halisikii dawa, na dawa zenyewe alizisahau bwenini.

Lakini tusimlaumu sana. Kwao Ngara, kila Krismasi baada ya misa, bibi yake Domisiana huweka mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, katikati ya nyumba, na kila mmoja wa ukoo huchomeka mrija wake. Mirija ikitimia ndipo wanavuta pamoja. Evarista alilelewa na bibi huyo, na mwaka uliopita mitihani ilimzuia kwenda. Safari hii bibi alimwambia kwenye simu, "Mikono imechoka kukamua ndizi, mjukuu wangu. Huu ndio mtungi wa mwisho." Tangu siku ile hamu ya nyumbani ilimuuma kuliko vile vidonda.

Alipofika Nyakanazi tumbo likamkunja. Alitapika kando ya basi, na basi halimngoji mtu. Josiane, mwenye nyumba ya wageni pale jirani, akamwingiza ndani, akamtafutia dawa, akamkorogea uji. Krismasi ilimkuta kitandani, malori yakinguruma nje, naye analia. Akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo bibi. Nimeugua njiani. Msinisubiri, kunyweni tu."

"Marahaba. Wewe kunywa uji, ulale." Bibi akakata simu.

Darasani waliwahi kuulizwa kama mtu asiyekuwepo mahali anaweza kusemwa yupo. Evarista alijibu hapana, kurasa sita nzima, akasifiwa. Sasa alitamani mno iwe alikosea.

Alifika nyumbani siku ya pili baada ya Krismasi. Wajomba walikwisha kurudi kwao Runazi. Mtungi ulikuwa palepale, mirija miwili imesimama ndani.

"Wenzako wamekunywa, wameondoka," bibi akasema. "Huo wako niliuchomeka mimi. Ulikuwepo."

"Na huu mwingine?"

"Wangu. Ningekunywaje kabla yako?"

Rubisi ilikuwa imechacha, inanuka siki. Evarista akapiga magoti, akaeleza yote aliyoambiwa na daktari, pamoja na ile pombe asiyoruhusiwa kuigusa.

"Basi weka mdomo tu," bibi akasema. "Usivute."

Evarista akaweka midomo kwenye mrija wake. Bibi akainama upande wa pili, akavuta, uchachu ukamtoa machozi.

"Ni tamu, bibi?"

"Tamu."

Kisha akauchukua mrija wa mjukuu wake taratibu, akamnywea na sehemu yake.